Pengo Kati ya Bura na Gidamis

Kila Alhamisi jioni mume wangu alikuwa ananitoa nje ya duka langu mwenyewe. Alifika na baiskeli yake kutoka shuleni Nangwa, akawasalimu wateja, akasubiri waishe, kisha akasema kwa upole, "Mama Letisia, hebu kakae mlangoni." Nikaenda kukaa kwenye ngazi, nikiangalia watu wanaoelekea stendi ya Katesh, huku nyuma yangu mwanamume niliyefunga naye ndoa kanisani anapanga mabeki wake kwa siri. Hata kompyuta aliigeuza ili kioo kisitazame mlango. Nilikuwa na hasira, sifichi. Duka lilikuwa la kuchapa barua na kutoa kopi, na mchapaji alikuwa mimi.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga siku hizo. Kila ofisi, kila shule, kila kikundi cha akina mama kilitaka barua zake zifutwe Arusha ziandikwe Manyara, kwa hiyo kazi haikunikaukia. Kompyuta yenyewe tuliachiwa na kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuja kujitolea kufundisha. Aliacha mbili, moja kwa Sulle mume wangu, na nyingine kwa kaka yangu Marko, karani wa chama cha wakulima kule Tlawi, juu Mbulu. Ndani ya zote mbili aliacha mchezo wa mpira wa kwao, ule wa mpira wenye umbo la yai, watu wamevaa kofia ngumu wanagongana kama mafahali.

Mchezo huo hauchezwi kwa wepesi wa vidole. Wewe ni kocha tu. Una watu wako kumi na mmoja kwenye uwanja uliochorwa, unamkokota mmoja mmoja kwa mausi hadi mahali pake, unampa kazi: wewe mzuie yule, wewe mfuate mwenye mpira, wewe baki nyuma. Mpango wako unauweka kwenye disketi, unakutanishwa na mpango wa mwenzako, halafu kompyuta inachezesha mechi ninyi mkitazama. Mwenye mpira anatafuta pa kupenya hadi mwisho wa uwanja, na anayelinda anaziba. Ukielewa hapo umeelewa mchezo wote.

Marko alipenda kushambulia. Sulle alipenda kulinda. Mipangilio ya ulinzi iliyokuja na mchezo aliidharau, akasema ni ya watu wavivu, akawa anabuni ya kwake. Na mabeki wake hakuwaacha na majina ya Kimarekani. Aliwapa majina ya ukoo wake wote, kuanzia wazee hadi vijana, na kwa heshima wale wakubwa wa mwili akawapa majina ya wazee. Nilicheka sana siku ya kwanza nilipomwona marehemu baba mkwe wangu amevaa kofia ngumu akimkimbiza mtu.

Disketi zilisafiri kwa basi. Bahasha ilitoka Katesh hadi Dareda, ikapandishwa gari jingine la Dongobesh, ikafika Mbulu mjini, na Marko akaichukua huko. Zamu hii mechi ilichezwa kwake, zamu nyingine kwetu, na kila baada ya mechi mshindi alimpigia mwenzake simu. Simu zote alipiga Marko.

Sulle alikuwa anapigwa. Alipigwa mvua zilipoanza, akapigwa maharage yalipovunwa, akapigwa hata Jumapili ya Matawi. Na alipigwa kwa namna moja: mpira ulipita katikati. Alibadilisha mpangilio kila wiki, akawapeleka watu kulia, akawarudisha kushoto, akaweka wanne mbele, akaweka watano. Marko akapita katikati. Ndipo Sulle akaanza kusema kwamba mtu anatoa siri.

Kwanza ilikuwa konda wa basi. Sulle alibandika gundi kwenye bahasha, juu yake akaweka solatepu, juu ya solatepu akaandika herufi zake. Bahasha ilifika salama, na akapigwa. Kisha ikawa Mwita, fundi aliyetoka Tarime, ambaye alikuja kusafisha printa yangu. Mwita hajui hata huo mpira ni wa nini. Aliulizwa maswali mpaka akachukua bisibisi zake na kuondoka, na tangu siku hiyo printa yangu ikawa inameza karatasi bila mtu wa kuitengeneza.

Walipoisha watu wa nje, nikabaki mimi.

Hakunitamkia. Sulle ni mwalimu, anajua kuuliza bila kuuliza. "Marko hajambo?" "Sijui, sijaongea naye." "Hata wiki hii?" "Hata wiki hii." Kisha anachukua simu yangu mezani kana kwamba anaangalia saa. Nikinunua vocha, anaiona. Nikicheka na simu, anaingia ndani. Siku moja aliniita mwenyewe kwenye kompyuta, akanionyesha kwa kirefu mpangilio mpya ambao watu wote walikaa kulia, akanieleza kila mmoja na kazi yake, mpaka nikafurahi nikidhani yameisha. Kumbe ule ulikuwa mtego. Uliopelekwa Mbulu ulikuwa mwingine kabisa. Alitaka aone kama Marko atashambulia kushoto.

Marko akapita katikati.

"Unaona sasa," nikamwambia nilipojua. "Kama ningekuwa nampelekea habari, si angepita kushoto?"

"Au ulijua nakutega," akasema.

Nikamwacha hapo hapo na mechi yake. Ningesema jambo ambalo lisingerudishwa.

Yote hayo ningeyavumilia kama si kaburi la mama. Mama yetu alizikwa Tlawi, na baada ya kuhangaika sana tulikuwa tumekubaliana na ndugu zangu kulijengea kaburi lake kwa saruji na kumwombea misa Jumamosi, mwezi wa tisa, kabla watu hawajashika majembe. Mimi ni binti yake wa pekee. Nilikuwa nimeshapanga yote, nitavaa nini, nitabeba nini, nani ataimba. Wifi yangu Benedikta, mke wa Marko, alikuwa amejifungua, na nilitaka pia nimshike mtoto. Huyo Benedikta ni mzaliwa wa Nangwa, Sulle mwenyewe alimfundisha hadi darasa la saba, na ni mimi niliyempeleka kwa kaka yangu nikasema huyu ndiye.

Nilipomtajia Sulle safari, akaweka kijiko chini.

"Wiki hiyo tuna mechi," akasema. "Inachezwa hapa. Nikishinda, nitajua siri imezibwa, nenda na amani. Nikipigwa katikati tena, Mama Letisia, utaniwia radhi. Sitampeleka mtu kwenye nyumba inayonicheka."

"Ni misa ya mama yangu."

"Najua ni misa ya nani."

Nililia jikoni, nikafuta uso, nikampelekea chai. Lakini tangu siku hiyo nami nikaanza kumchunguza. Kama kulikuwa na siri inayovuja, nilitaka niijue kabla ya Jumamosi ile.

Niliiona msibani. Tulikwenda kuzika Endasak, na pale kuna jambo ambalo kila mtu wa ukoo wa Sulle analijua bila kuambiwa. Baba zake wawili, Bura ambaye ni baba mkubwa na Gidamis ambaye ni baba mdogo, hawasemeshani. Ni mpaka wa shamba, ugomvi wa zamani kuliko ndoa yangu. Penye msiba, penye harusi, hata kanisani, hawakai benchi moja wakagusana. Na kwa kuwa huwezi kuwakalisha wazee wawili wa nyumba moja pande mbili kama maadui mbele ya wageni, Sulle huwa anafanya kazi yake. Anawasalimia shikamoo mmoja mmoja, anawaongoza kwenye benchi, kisha yeye mwenyewe, na umbo lake dogo, anakaa katikati yao. Siku ile nilimtazama amebanwa pale kati ya wale wazee wawili wakubwa wenye makoti, anatabasamu kulia, anatabasamu kushoto.

Nilikuwa nimeshaiona picha hiyo. Niliiona kwenye kioo cha kompyuta kila mechi ilipochezwa kwetu.

Tuliporudi nilisubiri atazame tena mechi ya nyuma, kama alivyozoea, nikajifanya natafuta stepla. Ndivyo ilivyokuwa. Watu wake walihama huku na huko, ila kitu kimoja hakikuhama kamwe. Bura na Gidamis, mabeki wake wawili wakubwa kuliko wote, hakuwahi kuwaweka bega kwa bega. Aliwaachanisha, na katikati yao, kila wiki, kwenye kila mpangilio, alisimama beki mmoja mwembamba aliyeandikwa Sulle. Marko alikuwa ameketi na ukoo huo kwenye harusi yangu na kwenye misiba yetu. Majina yote anayasoma kwenye kioo. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Anamtuma jamaa yake mnene anakimbia moja kwa moja pale alipo Sulle, anamwangusha, anapita.

Nilijaribu kusema. Mungu ni shahidi yangu, nilijaribu.

"Baba Letisia," nikasema polepole, "hivi ungewaweka Bura na Gidamis pamoja hapo katikati?"

Alizima kioo. "Nani amekwambia hivyo?"

"Naona tu."

"Tangu lini unaona? Hilo neno siyo lako. Hilo ni neno la mtu anayejua anapopita." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Na kwa nini wazee wangu? Marko anasema nini juu ya wazee wangu?"

Nikaelewa kwamba nikifungua mdomo tena, kila nitakachosema kitakuwa ushahidi. Nikarudi kwenye mashine ya kopi.

Wiki ya misa ilikuwa wiki ya mtihani wa darasa la saba. Jumanne mchana Sulle alikuwa dukani, disketi ya Marko imeshafika, anapanga ulinzi wake, mara akaja mtu kumwita: msimamizi mmoja wa mtihani amepata dharura, gari linasubiri, mwalimu anatakiwa aende shule ya mbali hadi Alhamisi. Alisimama anashika kichwa. Alitazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Nimeshamaliza," akasema. "Usiguse. Ijumaa asubuhi tunacheza."

"Siwezi kugusa, nina barua za mkoa."

"Mama Letisia. Usiguse."

Gari lilipoondoka niligusa. Nilivuta kiti, nikafungua mpangilio wake, na hapo katikati nikawakuta watatu wale wale. Nikamshika Bura kwa mausi nikamsogeza. Nikamshika Gidamis nikamsogeza mpaka mabega yao yakagusana, nikasema kwa sauti, "Shikamooni, wazee, mnisamehe," na mteja aliyeleta cheti cha ubatizo akageuka kuangalia nasalimia nani. Nikawapa wote wawili kazi moja: msiondoke hapo, atakayekuja mwangusheni.

Kisha nikabaki na Sulle mkononi. Sikujua nimweke wapi. Pale mbele hakuwa na nafasi tena, na ukweli ni kwamba hakuwahi kuwa nayo. Nikamkokota hadi nyuma kabisa ya uwanja, peke yake, nikampa kazi ya kusubiri. Nilisita kubonyeza, maana hata kwenye kompyuta ni mume wangu. Lakini nilimfikiria mama, nikahifadhi.

Ijumaa asubuhi alifika amenyoa, na shati safi. Alinisalimu vizuri. Hakunipeleka mlangoni, akaniacha nikae nyuma yake, na nilijua kwa nini: alitaka auone uso wangu mpira ukipita katikati.

Mpira haukupita. Yule mnene wa Marko alikuja mbio kama ilivyo desturi yake, akawagonga Bura na Gidamis, akakaa chini. Akaja tena, akakaa chini. Sulle alipiga kelele, akapiga meza, akageuka kunishika mkono. Kwa muda huo mdogo alikuwa yule kijana wa kwaya niliyemkubali. Mara ya tatu Marko alijaribu pembeni, hana mazoea nako, akapoteza mpira. Tulishinda. Marko hakuvuka mstari hata mara moja.

Ndipo Sulle aliposogeza uso karibu na kioo. Mechi ilikuwa imekwisha, lakini kompyuta huwa inawaacha wachezaji wamesimama. Alisoma majina. Nilimwona akiyasoma, midomo inacheza. Bura. Gidamis. Akatafuta jina lake mbele, hakuliona. Akalikuta nyuma.

"Umenitoa," akasema.

"Nimeziba."

"Wazee umewabananisha, mimi umenitupa huku nyuma kama mtoto."

"Baba Letisia, ulikuwa unapigwa hapo tu. Hakuna aliyekuwa anampa Marko siri. Anaona majina, anawajua wazee, anajua kwamba huwezi kuwaweka pamoja. Ni hilo tu. Umeshinda."

Masikio yalikuwa yamemwiva. Nilidhani anatafuta neno la kuniomba msamaha, nikawa tayari kumpa, kwa sababu sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa aniamini na niende nikamwombee mama yangu. Simu yake ikalia.

Matokeo alikuwa ameyatuma kwa Marko kwa ujumbe mwanzoni kabisa mwa furaha yake, akajigamba kwamba yule mnene amezibwa katikati. Marko akiwa na hasira hahitaji kipaza sauti, simu ilikuwa sikioni kwa Sulle nami nilisikia kila neno.

"Shemeji, hongera. Sasa niambie ni nani."

"Nani nini?"

"Nani amekwambia napita katikati kwa yule mnene? Mwaka mzima hukujua, leo umejua? Mpango wangu uliandikwa hapa nyumbani, na nyumbani kuna mtu mmoja. Ni Benedikta, siyo? Wewe ni mwalimu wake, anakuogopa tangu shule. Jumapili alipiga simu Nangwa, nimeiona. Simu yake nimeichukua. Amekaa hapa chini na mtoto analia, anasema hajui kitu. Niambie tu, shemeji, ili nijue naishi na nani."

Nilimnyang'anya Sulle simu. "Marko! Ni mimi! Ulinzi nimepanga mimi, kwa mkono wangu, huyo mama wa watu hana kosa!"

"Lucia, usimtetee mwenzako."

"Simtetei! Nimewaweka Bura na Gidamis pamoja, basi!"

"Na wewe nani alikwambia uwaweke hapo wiki hii?" akauliza kaka yangu, kwa sauti ile ile ya chini ambayo nimelala nayo nyumba moja. "Mpe mumeo simu. Nataka nisikie kwake."

Nikampa. Nilimtazama Sulle machoni. Lilikuwa jambo dogo kabisa. Aseme, shemeji, hakuna aliyesema kitu, pengo lilikuwa mimi, mke wangu ameliona. Aliteswa na wasiwasi huo mwaka mzima, alijua unavyochoma, na aliyekuwa anachomwa sasa ni mtoto aliyemfundisha kusoma. Nilimwona akilifikia neno. Nilimwona akitupa jicho kwenye kioo, kule nyuma kabisa lilikokuwa jina lake.

"Shemeji," akasema, "mambo ya nyumba ya mtu siwezi kuyaingilia. Mchunguze mwenyewe." Akakata.

Printa ilikuwa inahangaika na karatasi. Kisha akavuta kiti, akashika mausi, akaanza kumkokota beki wake mwembamba kumrudisha mbele.

Nilichukua kitenge changu na mkoba. Nilitoa funguo za duka, nikaziweka karibu na mkono wake.

"Unaenda wapi? Misa ni kesho."

"Tlawi."

"Nani amekuruhusu uende leo?"

"Mwaka mzima umesema napeleka siri zako kwa kaka yangu," nikamwambia. "Leo ndiyo nazipeleka."